Mtandao Unaishia Mlangoni: Namna ya Kuuingiza Ndani ya Nyumba ya Kijijini

Katika nyumba nyingi za vijijini kuna msumari ambao watoto wamekatazwa kuuchezea. Umepigiliwa kwenye fremu ya dirisha la sebuleni, na juu yake kunaning'inia kimfuko cha kitambaa chenye simu. Simu ikiondolewa hapo, kila anayepiga anaambiwa namba haipatikani. Ikiita, mwenye nyumba anakimbia, anabonyeza spika na kuzungumza akiwa amesimama palepale, na familia nzima inasikia habari zisizowahusu.

Msumari huo haukupigiliwa kwa kubahatisha. Kuna mtu alizunguka nyumba nzima akiwa ameinua simu mpaka akaipata sehemu inayoshika, na kwa kufanya hivyo alipima mawimbi kama fundi wa minara anavyopima. Mwongozo huu unaendeleza kazi aliyoianza. Katika nyumba nyingi mnara hauko mbali kiasi cha kukatisha tamaa. Kinachosumbua ni mita chache za mwisho kati ya uwanja na kitanda, na mita hizo zinatibika kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Wala si suala la anasa. Mkulima wa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, hupeleka kabichi na karoti Morogoro na Dar es Salaam. Asipoipata bei ya siku kwa simu, dalali ndiye atakayempangia. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, pochi ya mwanakijiji nayo imehamia kwenye laini, na mtandao ukikatika mtu anashindwa kuigusa fedha yake mwenyewe.

Kwanza ugonjwa ujulikane. Toka nje, simama kama mita 20 kutoka ukutani, mahali pa wazi, kisha piga simu. Ikiwa nje mazungumzo ni mazuri na ndani yanakatakata, mwenye kosa ni nyumba. Ikiwa hata nje ni taabu, kosa ni la umbali, kilima au miti, na dawa yake ni kimo na antena. Lipo tatizo la tatu linalowadanganya wengi: vijiti vya mtandao vimejaa, lakini ujumbe wa WhatsApp unazunguka tu bila kwenda. Hapo mawimbi hayana hatia. Ama mnara umeelemewa na watumiaji, hasa usiku kati ya saa moja na saa nne, ama njia inayouunganisha mnara na mtandao mkuu ni finyu. Antena ya bei yoyote haitasaidia. Jaribu tena alfajiri, saa kumi na moja. Intaneti ikikimbia, jibu limepatikana, na kilichobaki ni kupakua mafaili makubwa usiku wa manane au kuhama kampuni.

Mtandao ukitoweka ghafla ilhali jana ulikuwepo, muulize jirani kabla ya kupanda juu ya bati. Minara mingi ya vijijini huendeshwa kwa sola, betri au jenereta, na mmoja ukizimika kijiji kizima kinakosa mawasiliano.

Baada ya hapo ni kupima, na vijiti vinavyoonekana juu ya kioo si kipimo. Kila mtengenezaji huamua mwenyewe kijiti kimoja kiwe na thamani gani, ndiyo maana simu mbili zenye laini za kampuni moja, zikiwekwa meza moja, moja itaonyesha vijiti vinne na nyingine viwili. Namba ya kuaminika huandikwa kwa dBm. Kwenye simu nyingi za Android inapatikana kwa kuingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Namba yenyewe ni hasi, na kadiri inavyoisogelea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -110 ni dhaifu, na ikigota -120 simu iko karibu kuukosa mtandao kabisa. Namba ya 2G isilinganishwe na ya 4G, kwa kuwa hupimwa kwa namna tofauti. Linganisha 4G na 4G, 2G na 2G.

Jambo la kukumbuka ni kwamba namba hizi haziongezeki kama shilingi. Kila 3 zinazoongezeka ni nguvu mara mbili, na kila 10 ni nguvu mara kumi. Kutoka -110 chumbani hadi -100 kibarazani ni tofauti kubwa sana, hata kama kwenye karatasi inaonekana ndogo.

Chukua daftari. Pima kila chumba, kila dirisha, kibaraza, jiko la nje, hata juu ya ngazi iliyoegemezwa ukutani. Subiri nusu dakika kila sehemu, maana namba huchelewa kutulia. Rudia kwa kila laini iliyopo nyumbani, na kama jirani ana laini ya kampuni nyingine, mwombe naye apime. Hatua hii isidharauliwe. Fedha nyingi zimepotea kwa antena zilizofungwa upande usiofaa kwa sababu hakuna aliyekuwa na namba za kabla na za baada.

Daftari likishajaa, mara nyingi litamtaja mshitakiwa mmoja: bati. Chuma hakipitishi mawimbi ya redio, hukirudisha kinachokigonga. Nyumba ya makuti au nyasi huyapitisha vizuri, ingawa paa likilowa mvua hupunguza kiasi. Familia iliyohama kutoka nyumba ya nyasi kwenda ya bati imepata paa lisilovuja, na mara nyingi imepoteza mtandao siku hiyohiyo. Ongeza mlango wa chuma, geti la karatasi za bati, nondo za madirisha zilizokaribiana na karatasi ya fedha ya kuzuia joto chini ya paa, na ndani hakubaki upenyo. Matofali ya kuchoma na bloku hupunguza mawimbi bila kuyazuia kabisa. Dari ya jipsamu au mbao haina madhara ya maana.

Kwa hiyo mawimbi huingilia madirishani, milangoni na kwenye mwanya kati ya ukuta na kenchi. Tafuta mnara uko upande gani. Usiku taa yake nyekundu huonekana kutoka mbali, na dereva yeyote wa bodaboda wa eneo hilo anaujua. Kisha hamishia shughuli za simu kwenye chumba chenye dirisha linaloutazama. Anayejenga sasa ana bahati zaidi: aweke dirisha kubwa upande huo, na amwambie fundi aache bomba la plastiki ukutani kuanzia dari hadi sebuleni, litakalopitisha kebo baadaye bila kutoboa nyumba iliyokwisha pigwa plasta.

Ndani ya chumba hichohicho, shubiri moja inaweza kuleta tofauti. Mawimbi ya 900 MHz yana urefu wa sentimita 33 hivi. Yanapogonga bati na kuta yanarudi na kukutana na yanayoingia. Mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanafutana. Ndiyo sababu simu iliyo juu ya kabati inashika na iliyo kando yake haishiki. Sogeza simu polepole kwenye kizingiti cha dirisha, soma namba, weka alama ya chaki pale ilipo bora. Toa kava lenye chuma au sumaku, na usiifumbate simu yote kwa kiganja, kwa kuwa antena ziko kwenye kingo zake.

Kuna lalamiko linalosikika kila siku: "Mimi nakusikia vizuri, wewe hunisikii?" Lina maelezo. Mnara hutuma kwa makumi ya wati, ilhali simu ya 4G hutuma kwa wati 0.2 tu: mnara una kipaza sauti, simu inanong'ona. Katika sehemu dhaifu, kinachokatika kwanza ni sauti inayotoka kijijini. Simu nayo hujitahidi kutuma kwa nguvu yake yote, na betri inaisha mchana. Anayelalamika kwamba betri yake ni mbovu kijijini na nzima akienda mjini, aangalie mtandao kabla ya kununua betri mpya.

Hapa ndipo kitochi kinapoishinda simu janja. Simu ya 2G katika masafa ya 900 MHz inaruhusiwa kutuma hadi wati 2, mara kumi ya ile ya 4G, na masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko ya juu. Mfumo wa 2G katika mpangilio wake wa kawaida unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa kilomita 35; zaidi ya hapo, hata mawimbi yakifika, muda yanaochukua njiani unavuka kiasi ambacho mfumo unakubali. Basi kwa mazungumzo ya sauti, weka laini kwenye kitochi, au ingia Mipangilio ya simu janja, tafuta Aina ya mtandao unaopendelewa, uchague 2G au 3G. Simu haitahangaika kupanda 4G na kushuka kila dakika, na maongezi yatatulia. Ukihitaji intaneti, rudisha 4G.

Kabla ya kwenda dukani, mambo matatu madogo yakaguliwe. Laini ya zamani, iliyotolewa kabla 4G haijafika, inaweza kuwa haisomi 4G kabisa. Kwa wakala hubadilishwa bila kupoteza namba, mwenyewe akiwa na kitambulisho. Simu iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kukosa masafa ya 800 MHz, ambayo ndiyo hubeba 4G mbali vijijini. Safaricom ya Kenya, kwa mfano, hutumia masafa hayo. Na kioo kikiandika "Simu za dharura pekee", hiyo ni habari njema kwa namna yake: mawimbi yapo, ila ni ya kampuni nyingine. Nunua laini ya kampuni hiyo ujaribu. Tangu Machi 2017 Watanzania wanaweza kuhama kampuni na namba yao, na Wakenya tangu 2011, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvumilia mtandao mbovu kwa kuhofia kupoteza namba inayojulikana na wateja.

Wakazi wa mipakani wana tahadhari yao. Mawimbi hayasimami kwenye jiwe la mpaka, na maji ya ziwa hayayazuii. Simu inaweza kudaka mnara wa nchi jirani na salio likaliwa kwa viwango vya nje. Zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, uchague mwenyewe kampuni yako.

Sasa njia ambayo inastahili kujaribiwa na kila nyumba yenye simu janja ya zamani isiyotumika. Iweke pale penye namba bora, hata kama ni nje juu ya nguzo, washa hotspoti, na simu nyingine za ndani zijiunge nayo kwa Wi-Fi. Watu wa ndani watapiga simu za WhatsApp wakiwa wamekaa, na anayetaka mazungumzo ya kawaida anaweza kuiacha simu yake dirishani na kuongea kwa kifaa cha sikioni cha Bluetooth hatua chache ndani. Simu ya juu ya nguzo ifunikwe kwa ndoo nyeupe ya plastiki iliyogeuzwa chini juu, yenye matundu ya hewa pembeni. Plastiki hupitisha mawimbi; ndoo ya bati haitafaa. Kivuli ni lazima, maana jua la mchana huiua betri ya simu haraka.

Ikiwa nje nako ni dhaifu, kimo ndicho kinachofuata. Kwenye nyanda tambarare za Shinyanga au Singida hesabu ni nyepesi: mnara wa mita 40 unaona hadi kilomita 22 hivi kabla mviringo wa dunia haujauficha. Simu iliyo mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini, inaongeza kilomita 4. Antena iliyo mita 6 inaongeza karibu 9. Mbali na mviringo huo kuna miembe, mikorosho na mapaa ya majirani, na majani mabichi hunyonya mawimbi. Kuvuka juu ya miti ndiyo faida kubwa zaidi ya nguzo. Katika mabonde ya Lushoto au Uluguru mambo ni magumu. Nyumba iliyo kwenye kivuli cha mlima haiwezi kuuona mnara ulio ng'ambo hata kwa nguzo ya mita 10. Huko jaribu kuielekeza antena kwenye mlima mwingine ulio mbele, maana mwamba mkubwa hurudisha mawimbi, au uweke kituo cha hotspoti shambani juu ya tuta.

Anayenunua vifaa anunue ruta ya 4G yenye matundu ya antena za nje badala ya kuhangaika na simu, kwa kuwa simu janja za sasa hazina tundu la antena. Antena inayofaa wengi ni ile ya vijiti vingi vinavyopungua urefu kuelekea mbele. Hupokea masafa mengi, kwa hiyo haitakuwa takataka kampuni ikibadili mitambo. Kwa 4G funga mbili, moja ikiinama nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto. Kuzielekeza kunahitaji watu wawili: mmoja juu akizungusha kidogo kidogo, mwingine chini akisoma namba kwa sauti baada ya kila nusu dakika.

Kebo ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Waya mwembamba wa antena, ule unaoitwa RG58, hupoteza karibu nusu desibeli kwa kila mita katika 900 MHz. Mita 10 zimekula zaidi ya theluthi mbili ya nguvu, na katika masafa ya juu hasara ni kubwa zaidi. Fundi anayefunga antena nzuri kisha akashusha mita 15 za waya mwembamba amemrudisha mteja alikoanzia. Nunua kebo nene, au fanya jambo lililo bora: ipandishe ruta yenyewe juu ya nguzo ndani ya kasha la plastiki, karibu na antena, kisha shusha kebo ya intaneti, ambayo hufika mita 100 bila hasara. Ruta nyingi hutumia volti 12 na zinaweza kuchukua umeme kwenye betri ya sola. Soma kwanza kibandiko kilicho chini yake.

Mwenye modemu ya USB na dishi la televisheni lisilotumika anaweza kujaribu bila kununua antena. Modemu hufungwa pale kilipokuwa kichwa cha dishi, ikitazama ndani, na dishi linageuzwa kuelekea mnara. Madishi yetu mengi ya nyumbani hupokea kutoka juu kidogo ya pale yanapoonekana kutazama, kwa hiyo yainamishwe kuliko macho yanavyodhani. Waya wa USB usizidi mita 5. Njia hii hufanya vizuri katika masafa ya 1800 na 2100 MHz kuliko ya 800.

Nguzo ya chuma juu ya nyumba huita radi. Iungwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na mawingu yakianza kunguruma chomoa kebo kutoka kwenye ruta na uiweke mbali. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ambako radi huua kila mwaka, hatua hii iwe ya kwanza kulipiwa kabla hata ya antena.

Zipo stika za kubandika nyuma ya simu na programu zinazoahidi kuongeza mtandao. Hazifanyi kitu; programu nyingi za namna hiyo huzima na kuwasha mawasiliano ya simu, kazi ambayo hali ya ndege inaifanya bure. Busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, ni habari nyingine. Hiyo inafanya kazi kweli, mradi nje kuna mawimbi ya kukuza, lakini iliyofungwa vibaya hupiga kelele masikioni mwa mnara na kuharibu mawasiliano ya watu wengi. Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Anayetaka busta aipitishie kwa kampuni yake ya simu, na asinunue kasha lisilo na jina sokoni.

Kenya ina njia moja zaidi: tangu Julai 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink inauzwa huko, nayo haihitaji mnara wowote. Gharama yake ni nzito kwa nyumba moja, lakini majirani kadhaa, shule au zahanati wanaweza kuichangia.

Neno kuhusu fedha. Menyu ya nyota na reli inahitaji mawasiliano yasiyokatika kuanzia mwanzo hadi mwisho, tofauti na ujumbe mfupi unaoweza kungoja. Mtandao ukikatika baada ya kuweka namba ya siri, usirudie kutuma. Nenda kwenye msumari, angalia salio kwanza, kisha amua. Wapo waliomlipa muuza mbolea mara mbili kwa pupa ya dakika moja.

Na pale ambapo daftari linaonyesha kwamba kitongoji kizima, ndani na nje, chini na juu, hakina kitu, nyumba moja haiwezi kulitatua tatizo hilo. Piga 100 kwa kampuni, uombe namba ya malalamiko na uiandike. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni haziendi zenyewe. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Maombi hupitia serikali ya kijiji na halmashauri, na nakala ipelekwe kwa mbunge. Ambatanisheni kurasa za daftari: jina la kitongoji, kampuni, namba za dBm, tarehe na saa, pamoja na idadi ya kaya, shule na zahanati zilizo kwenye kivuli hicho.